Kitabu Kilichofanyishwa Mtihani

Katika gazeti letu la shule nataka kuwaeleza wanafunzi wa sasa, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka, habari za biashara moja niliyoikuta huku Marekani. Mimi mwenyewe niliingia ndani yake, na bado sijamaliza kukasirika. Kiswahili changu kimeota kutu kwa miaka ya ugenini, kwa hiyo nikikosea mnisamehe.

Kila aliyelala katika mabweni yetu anakumbuka jinsi kitabu cha picha kilivyokuwa kikitembea. Kitabu kimoja cha Tintin kilianza kitanda cha kwanza siku ya Jumamosi, na kilipofika kitanda cha mwisho hakikuwa na jalada tena, wala kurasa za mwanzo. Hakuna aliyenung'unika, maana hadithi ilikuwa bado imo. Huku Marekani vijitabu vya namna hiyo huitwa komiki. Ni vyembamba, karatasi zake ni zile za gazeti, nazo zimeshikwa mgongoni kwa pini mbili za chuma. Zamani viliuzwa kwa senti chache, watoto wakavisoma, na mama zao wakavitupa siku ya kufagia. Basi kwa kuwa vingi vilitupwa, vile vichache vilivyobaki vimegeuka kuwa mali. Komiki iitwayo Action Comics namba 1, ambayo ndani yake Superman alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1938, iliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala yake moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Penye fedha za namna hiyo hapakosi ugomvi. Muuzaji yuko California, mnunuzi yuko Boston, na hawajaonana. Muuzaji huandika kwamba kitabu chake ni safi kabisa. Mnunuzi akikipokea kwa posta hukuta pembe zimevunjika. Tena wako mafundi wajuao kuziba mchano kwa gundi na kupaka rangi mahali palipochubuka, kisha wakanyamaza kimya. Ndiyo sababu mwaka 2000 ilianzishwa kampuni iitwayo CGC, ambayo makao yake siku hizi yako Sarasota, katika jimbo la Florida. Baadaye zikatokea na nyingine za kushindana nayo. Kazi yao ni ile aifanyayo msahihishaji wa mtihani. Unapeleka komiki yako pamoja na ada. Wao huhesabu kurasa, hutazama pini kama zina kutu, humulika jalada kwa taa kutafuta rangi iliyoongezwa, kisha hutoa alama. Alama ya chini ni 0.5 na ya juu ni 10, na kati yake kuna ngazi nyingi, jumla 25. Ikiisha kupewa alama, komiki hufungiwa katika sanduku jembamba la plastiki ngumu, likaaji likiwa wazi kama kioo, na juu yake hubandikwa kibandiko chenye alama na namba yake. Kibandiko cha buluu ni cha kitabu cha kawaida. Cha zambarau ni cha kitabu kilichotiwa mkono wa fundi.

Sitaki mtu afikiri kwamba nalilaumu jambo lote. Kwa mtu anunuaye kitu asichokiona, alama ya mtu wa tatu ni msaada mkubwa, na udanganyifu wa rangi na gundi ulipata adui wa kweli. Shida ilianza pale watu walipoacha kununua vitabu wakaanza kununua alama. Kati ya 9.6 na 9.8 jicho la mtu wa kawaida halioni kitu, labda alama ya ukucha mgongoni. Lakini bei ya 9.8 yaweza kuwa mara mbili ya ile nyingine, au kupita. Kijana aliyekosa nafasi ya kuendelea na masomo kwa alama moja atanielewa bila maelezo zaidi.

Sasa nieleze yaliyonipata. Ghalani nilikofanya kazi, huko Ohio, palikuwa na Mwamerika mmoja mweusi, mtu mzima kuliko sote, niliyemwita Mzee hata wengine wote wakamwita hivyo hivyo bila kujua maana yake. Mwaka 2019 alipostaafu alinipa bahasha kubwa ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na Fantastic Four namba 52, ya Julai 1966, aliyoinunua kwa senti 12 akiwa mtoto. Wale mlioitazama filamu ya mwaka 2018 mnamjua Black Panther, mfalme wa nchi ya Wakanda. Komiki hiyo ndiyo aliyotokea kwa mara ya kwanza, akiwa amebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby: mfalme wa Kiafrika anayewaalika mabingwa wa New York nchini kwake, kisha anawawinda mmoja mmoja katika msitu uliotengenezwa kwa mitambo. Mzee aliniambia kwamba alipoisoma mara ya kwanza hakuamini, akairudia siku hiyo hiyo mpaka taa ikazimwa. Juu ya jalada, pembeni, alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, ili nduguye asimnyang'anye.

Nikaiweka. Lakini mwaka 2021 dada yangu aliandika kwamba karo ya mwanawe, ambaye anasoma shule yetu hii hii, imemshinda. Nikamwendea Mzee nikamwomba ruhusa ya kuuza zawadi yake. Akacheka, akasema kitabu ni changu, na mtoto asome.

Wauzaji wote niliowauliza walinipa jibu moja: bila sanduku hupati bei, na kabla ya sanduku ipige pasi. Nilidhani wananitania. Kumbe kweli komiki hupigwa pasi. Hutiwa unyevu kidogo, huwekwa kati ya karatasi zisizonata, kisha hubanwa katika mashine yenye bamba la moto usiofika ule wa maji yachemkayo, na baadaye huachwa ipoe ikiwa imekandamizwa. Mikunjo midogo, vishimo vya vidole, na kule kujipinda kwa kitabu kilichokunjwa mfukoni, vyote hulala. Mkunjo uliopasua wino hauondoki. Pale karatasi nyeupe imekwisha kutokeza, na pasi haiwezi kurudisha rangi.

Hapa pana mabishano makubwa huku. Wengine husema kupiga pasi hakuongezi kitu wala hakupunguzi, na kwa hiyo si ufundi wa kufichwa. Kampuni za kutoa alama hukubaliana nao, na kitabu kilichopigwa pasi hupata kibandiko cha buluu kama kile ambacho hakijaguswa. Wengine husema ni kubadili hali ya kitabu kwa kusudi la kupata alama, na mnunuzi angestahili kuambiwa. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili. Tena mwaka 2012 kampuni mama ya CGC ilinunua kampuni ya Texas iliyokuwa maarufu kwa kazi hiyo ya pasi. Sisemi kwamba wanafanya hila. Nasema tu kwamba kama msahihishaji wa mtihani angekuwa na nduguye anayefundisha masomo ya jioni kwa malipo, katika nyumba ile ile, wazazi wangeuliza maswali.

Basi nilimpelekea fundi mmoja wa pasi, naye akaipeleka mbele kwa watoa alama. Sitaji jina la yeyote. Kwa pasi, ada, posta na bima nililipa zaidi ya dola 200. Nilingoja miezi 7. Muuzaji mmoja aliyeiona kabla alikisia 6.0. Ilirudi na 4.5.

Nilipoitazama vizuri nikaelewa. Unyevu au moto ulikuwa umezidi, jalada likasinyaa, na ukingo wa kurasa za ndani ulikuwa umechungulia nje kama shati chini ya koti fupi. Penye pini moja karatasi ilikuwa imechanika, kwa maana pini yenye kutu huikata karatasi inapobanwa. Nilipomwandikia fundi alinijibu kwamba kitabu kilifika kwake hivyo. Nami sikuwa nimekipiga picha kabla ya kukituma. Hilo ni kosa langu, na ye yote mwenye kitu cha kale anayefikiri kukipeleka kwa fundi wa aina yo yote na akipige picha kila upande kwanza. Katika maelezo ya watoa alama palikuwa na sababu nyingine ya kupunguza: jina limeandikwa kwa wino juu ya jalada.

Na sanduku lenyewe? Lilifika likiwa na ufa kwenye pembe. Ukilitikisa, kitabu kilicheza ndani, na kila kinapocheza ukingo wake hujigonga kwenye plastiki, hata ile alama iliyoandikwa juu isiwe kweli tena. Mahali plastiki mbili zilipogusana palikuwa na miviringo ya rangi rangi kama mafuta juu ya maji, ikapita katikati ya uso wa mfalme. Watu wengi walisadiki kwamba angalau sanduku haliwezi kudanganya. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 ilijulikana kwamba kulikuwa na masanduku yaliyofunguliwa kwa hila, kitabu kizuri kikatolewa na kibaya kikatiwa mahali pake chini ya kibandiko cha zamani. CGC ikalazimika kutangaza namba zilizotiliwa shaka.

Kwa nyinyi mlio nyumbani, ambao huenda mna magazeti ya zamani ya baba zenu, sanduku la namna hii si lazima. Adui zenu ni unyevu, mwanga wa jua, mende na mchwa. Kitieni kitabu katika mfuko safi wa plastiki, nyuma yake wekeni kadi ngumu isiyo na asidi, kilazeni mahali pakavu penye giza, si sakafuni. Msikifunike kwa plastiki ya moto kama kitambulisho, wala msikizibe kwa utepe wa gundi. Utepe hugeuka kahawia na kuila karatasi.

Kabla sijauza, Mzee alikuja kwangu akiwa na mjukuu wake wa miaka 9, ili amwonyeshe ule msitu wa mitambo. Nikamletea sanduku. Aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akatafuta mahali pa kufungulia. Nikamweleza kwamba likifunguliwa alama inakufa, na bei inashuka pamoja nayo. Mtoto akauliza, "Babu, hii ni kitabu au ni picha?" Mzee hakumjibu. Aliweka kidole juu ya plastiki, pale chini yake palipokuwa na jina lake, akasoma kwa sauti maneno ya kibandiko, na mwishowe akanirudishia.

Niliiuza mwezi uliofuata. Baada ya kutoa gharama zote, fedha zilizobaki zililipa karo ya mihula miwili. Aliyeinunua yuko jimbo jingine, na sidhani kama ameifungua.

Hadithi ile imechapwa upya mara nyingi katika vitabu vya kawaida vya dukani. Nikanunua kimoja kwa bei ndogo nikampelekea Mzee siku ya Jumapili. Alimwita mjukuu wake, wakakaa wote wawili kwenye kochi, akafunua mpaka msituni. Kisha akaniomba kalamu, akampa mtoto, akamwambia aandike jina lake juu ya jalada.