Mboga Mlangoni, Damu Mwilini

Mada yetu ya leo ni bustani ya mboga nyumbani.

Huku kwetu kila kilima ni kijani, lakini si kila kijani huliwa. Kuna boma ambapo chai imepandwa hadi ukutani na mboga hununuliwa sokoni. Pesa zikiisha, mtoto hupewa ugali na chai. Anashiba, lakini damu inapungua. Utamwona amechoka, hataki kucheza, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Mama, ukiona dalili hizo mpeleke kituo cha afya mara moja. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, kwa hivyo mboga peke yake haitoshi kumtibu.

Kumkinga ni kazi ya kila siku. Mboga zetu za kienyeji kama saga, ambayo Wakipsigis huita isagek, pamoja na managu na terere, zina madini ya chuma ya kuongeza damu na vitamini A ya kulinda macho.

Je, utaanzaje? Chagua mahali penye jua, karibu na jikoni, mbali na choo. Hatua tatu kwa nne zinatosha. Udongo unaopendwa na chai una asidi nyingi, na mboga nyingi haziupendi. Nyunyiza jivu kidogo la kuni, kisha changanya na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mbolea mbichi huunguza miche.

Mbegu za saga, managu na terere ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, zimwage kwenye mistari, na uzifunike kwa udongo mwembamba. Ukizizika ndani sana hazitaota. Terere huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Saga na managu huchukua muda zaidi. Chuma ncha ili mmea utoe matawi, na ukate maua ya saga mapema. Usipande zote siku moja. Panda mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, mboga zisikatike. Mwezi wa kwanza na wa pili mvua ikipungua, mwagilia jioni.

Nanyi mnaoishi katika kambi za mashamba ya chai msikate tamaa. Chukua gunia lililokuwa na mahindi, si la mbolea ya dukani wala dawa. Weka mawe katikati kutoka chini hadi juu ili maji yapite, uzungushie udongo na samadi, kisha toboa matundu pembeni upande miche ya sukuma wiki.

Sasa tuingie jikoni. Osha mboga kabla ya kukata. Usipike hadi zipondeke. Ongeza maziwa au mafuta kidogo, kwa maana vitamini A huingia mwilini pamoja na mafuta. Mtoto aliyetimiza miezi sita apondewe mboga laini katika ugali au viazi, huku akiendelea kunyonya.

Jambo moja muhimu kwetu sisi wa nchi ya chai: chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja hivi. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa. Badala yake mpe kipande cha chungwa au pera baada ya kula, kwani matunda hayo husaidia mwili kuchukua chuma kilicho katika mboga.

Mama mjamzito, bustani haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Endelea kuvimeza.

Kumbuka: jivu na samadi, mbegu juu juu, mstari kila wiki mbili, na chai kando na chakula. Anza na mstari mmoja wiki hii. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.