Ni Nani Huamua Programu Zinazokuja na Kompyuta Yako?

Mkazi ananunua kompyuta ya mtumba, fundi anamwekea mfumo endeshi, kisha akifika nyumbani anagundua hakuna programu ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kompyuta haijaharibika. Programu hiyo haikuwa miongoni mwa zile zinazokuja na mfumo wenyewe.

Mfumo endeshi, kama vile Windows au Ubuntu, ndio unaoendesha kompyuta nzima. Watengenezaji wake huamua programu zipi zije pamoja nao na zipi mtumiaji ajitafutie.

Tuchukue mfano wa Ubuntu, ambao hutolewa bila malipo. Ulipoanza Oktoba 2004, ulisambazwa kwa diski yenye nafasi ya takriban megabaiti 700. Programu moja ikiingia, nyingine ilibidi ipishe. Aprili 2010, programu ya kuhariri picha ya GIMP iliondolewa. Sababu zilizotolewa ni kwamba ilichukua nafasi kubwa na ilifaa wataalamu kuliko mtumiaji wa kawaida. Aliyeihitaji aliweza kuipakua bure.

Leo nafasi si tatizo kubwa, lakini uamuzi bado ni mgumu. Kila programu huhitaji masasisho ya usalama, na masasisho hula bando hata kama huitumii. Programu mbili za kazi moja humchanganya anayeanza kujifunza. Tangu toleo la Oktoba 2023, Ubuntu kwa kawaida huweka programu chache tu, kikiwemo kivinjari cha intaneti. Anayetaka LibreOffice, ya kuandika na kupiga hesabu, huchagua usakinishaji kamili au huipakua baadaye.

Kuna pia suala la ushindani. Watu wengi hutumia wanachokikuta. Mwaka 2004, Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya zaidi ya yuro milioni 497. Miongoni mwa makosa ilikuwa kufungamanisha programu yake ya muziki na video na Windows, jambo lililowanyima washindani nafasi.

Kwa mwenye Wi-Fi nyumbani, programu iliyokosekana ni kazi ya dakika chache. Kwa mwanafunzi anayetegemea bando, kupakua mamia ya megabaiti ni gharama. Ndiyo maana orodha fupi inayomfaa mmoja humwumiza mwingine.

Kabla ya kuwekewa mfumo endeshi, mkazi anashauriwa:

• Kuandika kazi atakazofanya: kuandika barua, kufungua faili za PDF, kuchapisha, au kutumia eCitizen, ambayo huhitaji kivinjari tu.
• Kumwambia fundi achague usakinishaji kamili iwapo nyumbani hakuna intaneti ya kutegemewa.
• Kujaribu kila kazi kabla ya kuondoka kwa fundi.
• Kuondoa programu asizozihitaji, ili kompyuta iwe nyepesi.

Mwaka 2017, watengenezaji wa Ubuntu waliwauliza watumiaji ni programu zipi wangependa zije na toleo la mwaka uliofuata. Ni kama ushirikishi wa umma tunaoujua katika bajeti ya kaunti: asiyetoa maoni huamuliwa na wengine. Kwa fundi pia, sema mapema unachohitaji.