Sosiolojia kwa wanaoanza: somo ambalo Ebola iliacha Beni na Butembo

Ingia katika darasa lolote la shule ya msingi mjini Butembo, uite jina la Kambale. Wataitika watoto kadhaa kwa pamoja. Ita Kasereka, wataitika wengine. Ita Masika, wasichana watainua mikono. Mgeni ataona vurugu. Mkaaji wa Butembo ataona habari kamili: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu, na Masika ni binti wa kwanza.

Hakuna hata mmoja kati ya watoto hao aliyejichagulia jina hilo. Wazazi nao hawakuumiza kichwa kulitafuta, maana lilikuwa linamngoja mtoto kabla hajazaliwa, na litabaki hata baada yake.

Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa sosiolojia, alieleza kwamba mambo ya namna hiyo ndiyo hasa yanayochunguzwa na elimu hiyo. Ni namna za kutenda, kufikiri na kuhisi ambazo ziko nje ya mtu mmoja mmoja, lakini zina nguvu juu yake. Mtu akizifuata hazioni. Akizivunja, ndipo anapohisi uzito wake.

Kwa wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza, maneno kama kanuni, wajibu, taasisi na mamlaka ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini huku kwetu, kati ya tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa huko Mangina karibu na Beni, na tarehe 25 Juni 2020, ilipotangazwa kuwa imeisha, maneno hayo yaligusa uhai wa watu. Shirika la afya duniani, OMS, lilihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016.

Safari hiyo chanjo ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Dawa za majaribio pia zilikuwepo. Kwa nini basi ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili? Wengi walijibu haraka kwamba raia ni wajinga, hawasikii. Sosiolojia inatoa jibu lingine.

Kanuni: kwa nini mazishi yalizua ugomvi

Kila jamii ina kanuni ambazo hazikuandikwa popote. Mtu akifariki, jamaa wanakusanyika, maiti inaoshwa na kuvalishwa, watu wanamwaga ndugu yao kwa mara ya mwisho, kisha wanakaa kwenye matanga. Hakuna polisi anayewalazimisha. Lakini asiyefika atasemwa, na siku ya msiba wake atabaki peke yake. Kusemwa huko na kuachwa peke yake ndiyo adhabu ya kijamii, na mara nyingi inaogopwa kuliko faini ya mahakama.

Ebola inaambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti ya aliyeuawa na ugonjwa huo ni hatari sana. Kwa hiyo zilikuja timu zilizovaa mavazi ya kujikinga, zikaweka maiti ndani ya mfuko na kwenda kuzika. Kwa daktari, hiyo ilikuwa kinga. Kwa familia, ilikuwa ni kumtupa mzee wao kama mtu asiye na watu. Wengine walikataa, wengine walizika kwa siri.

Waliokataa hawakuwa watu wasio na sheria. Walikuwa wanatii sheria nyingine, iliyotangulia. Jambo hilo lilipoeleweka, mazishi yalianza kubadilika. Familia ziliruhusiwa kushuhudia na kusali, na mifuko yenye sehemu ya kuonyesha uso ikatumika ili ndugu wamtambue marehemu. Mjini Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ambapo jamaa waliweza kumwona mgonjwa na kuongea naye bila kumgusa. Kanuni ya kumheshimu mgonjwa na marehemu ilibaki pale pale. Kilichobadilika ni namna ya kuitimiza.

Nafasi na wajibu: kwa nini wanawake waliugua zaidi

Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mlipuko huo walikuwa wanawake. Kirusi hakichagui jinsia. Ni jamii iliyokuwa imegawa kazi kabla kirusi hakijafika. Nani analala na mtoto mwenye homa? Nani anafua mashuka ya bibi anayeharisha? Nani anasindikiza mgonjwa hospitalini na kupika huko? Mtu ana nafasi, yaani mahali pake katika jamii: mama, binti, muuguzi. Kila nafasi ina wajibu unaotarajiwa. Ugonjwa ulipita katika njia za wajibu huo.

Tena mtu mmoja hubeba wajibu zaidi ya mmoja. Muuguzi wa Katwa ni mfanyakazi wa afya, lakini pia ni jirani, ni mwimbaji kanisani, ni mwanachama wa likelemba ya mtaa. Majirani wakianza kusema kwamba wafanyakazi wa afya wanakula pesa za Ebola, wajibu hizo zinagongana. Akiripoti mgonjwa, ni msaliti kwa jirani. Akinyamaza, ni msaliti kwa kazi yake.

Mlipuko ulizaa pia nafasi mpya, ile ya aliyepona. Wapo waliorudi nyumbani wakakuta watu wanawaepuka. Huo ni unyanyapaa, jambo ambalo mwanasosiolojia Erving Goffman aliliandikia kitabu mwaka 1963: alama moja inafunika sifa nyingine zote za mtu. Lakini hapo hapo Beni na Butembo, waliopona, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kulea watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao wagonjwa. Alama ile ile iliyowafukuza kwa jirani ikawa sababu ya kuaminiwa.

Taasisi na imani: namba zilizosema mapema

Mnamo Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya mlipuko kutangazwa, watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases. Ni asilimia 31.9 tu waliosema wanaamini kwamba viongozi wa eneo wanatetea maslahi yao. Asilimia 25.5 waliamini kwamba Ebola haipo. Na wasioziamini taasisi ndio ambao uwezekano wao wa kukubali chanjo na kufuata njia nyingine za kinga ulikuwa mdogo zaidi.

Taasisi si jengo lenye bendera. Ni mpangilio wa kudumu ambao watu wanautegemea kwa jambo fulani: shule kwa elimu, jeshi kwa usalama, hospitali kwa afya. Imani kwa taasisi inajengwa na historia yake, na haipatikani kwa kubandika matangazo ukutani.

Historia ya hapa inajulikana. Tangu Oktoba 2014, raia wa eneo la Beni walikuwa wanachinjwa, huku jeshi na MONUSCO wakiwa karibu. Miaka minne baadaye, magari yakaja kwa wingi, yakiwa na pesa na haraka, kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Swali la raia lilikuwa rahisi: mbona hamkuja hivyo tulipokuwa tunauawa kwa panga?

Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha uchaguzi katika Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini makanisa na masoko yalikuwa wazi. Na rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, kabla watu hawa hawajapiga kura. Siku moja baada ya tangazo la CENI, kituo cha kupokea wagonjwa mjini Beni kilivamiwa. Tarehe 30 Desemba, wakaaji wa Beni walipanga uchaguzi wao wenyewe wa mfano. Kabla ya kupiga kura, walinawa mikono.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Watu wale wale walioitwa wakaidi walionyesha kwamba wanajua kinga ni nini. Walichokataa ni kuona ugonjwa unatumika, kwa macho yao, kuwanyima haki.

Yaliyofuata hayakusaidia kujenga imani. Mwezi Machi 2020, mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, kwa kuelekeza kwingine pesa za Ebola, jambo ambalo alilikanusha. Mwezi Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika operesheni hiyo, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa OMS.

Uvumi: jambo lisilo kweli lenye matokeo ya kweli

Mwaka 1928, Wamarekani William na Dorothy Thomas walitoa wazo ambalo kila mwanafunzi wa sosiolojia hulikuta: watu wakiamini kwamba hali fulani ni ya kweli, matokeo yake yanakuwa ya kweli. Aliyeamini kwamba kituo cha matibabu ni mahali pa kuulia watu alibaki nyumbani hadi hali ikawa mbaya. Alipofikishwa akiwa mahututi, alikufa huko. Majirani wakasema: tuliwaambia.

Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa tarehe 24 na 27 Februari 2019. Tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyefanya kazi na OMS, aliuawa kwa risasi akiwa katika kliniki ya chuo kikuu mjini Butembo. Kueleza si kutetea. Mauaji yale ni uhalifu, na si kila shambulio lilitokana na uvumi. Lakini mahali ambapo uvumi umetawala, mhalifu anapata pa kujificha.

Mamlaka: nani akisema, watu wanasikia?

Mjerumani Max Weber alitofautisha aina 3 za mamlaka: ya jadi, ya mvuto wa mtu binafsi, na ya kisheria. Butembo inazijua zote. Mwami wa Bashu au wa Baswagha anasikilizwa kwa jadi. Meya ana sheria. Na askofu Emmanuel Kataliko, ambaye chini yake Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, alisikilizwa kwa cheo chake na pia kwa namna alivyokuwa. Ujumbe wa kunawa mikono ni ule ule. Uzito wake unategemea kinywa kinachoutoa.

Mwaka 2021 Ebola ilirudi mara mbili. Mlipuko wa eneo la Butembo ulimalizika Mei, ukiwa na wagonjwa 12 na vifo 6. Ule wa Beni ulimalizika Desemba, wagonjwa 11, vifo 9. Chanjo, dawa na uzoefu vilisaidia. Lakini pia, safari hii wengi waliobisha hodi walikuwa wahudumu wa afya wa hapa hapa, watu wenye majina yanayojulikana mtaani.

Kwa anayeanza kusoma sosiolojia, au anayekuja Grand Nord na kampeni nyingine ya afya, kura au kodi, maswali matatu yanatosha kwa kuanzia. Watu hawa wanatii kanuni gani ambayo mimi siioni? Nani, kwa nafasi yake, atabeba mzigo wa ninachokiomba? Na taasisi ninayoiwakilisha iliwafanyia nini jana?

Anayeuliza hayo kabla ya kusema "raia hawaelewi" ameshaanza sosiolojia, hata kama hajawahi kumsikia Durkheim.