Asili, Maumbile na Mapambo ya Hoteli

Mfasiri mmoja alitujia si zamani akiwa na hati ya zabuni ya kupamba vyumba vya hoteli iliyokusudiwa kujengwa pwani. Hati yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, naye alikwisha kuifasiri yote. Katika ukurasa mmoja tu tulikuta vifaa vya asili, mbao za asili, rangi za asili, mwanga wa asili na sanaa za asili. Tafsiri hiyo haikuwa na kosa la sarufi, na kila neno lake lilikuwa katika kamusi. Hata hivyo seremala aliyeisoma alileta bei ya mninga na mkongo, maana kwake yeye, kama ilivyo kwa watu wa idara za misitu, mbao za asili ni zile zitokazo katika misitu ya asili, kinyume cha zile za misitu ya kupandwa. Mwenye hoteli alitaka jambo jingine kabisa, yaani mbao zionekane kuwa ni mbao, zisivikwe plastiki wala rangi nzito. Msonobari wa kupandwa, ambao mafundi wengi huuita paini, ungemtosha. Kwa neno moja la mfasiri, miti inayochukua miaka mingi sana kukua ilikaribia kuangushwa bila mtu yeyote kuitaka.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuiandike makala hii, kwani maombi ya namna hiyo yanazidi kutufikia. Mtindo wa kupamba hoteli kwa kuiga au kuingiza vitu vya maumbile umeenea duniani, na walimu wa vyuo vya hoteli, wafasiri wa mikataba na maofisa wa utalii wote wanatafuta maneno yake.

Kwanza tuutazame mtindo wenyewe. Nadharia yake hutajwa kwa neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliandika bayofilia, kwa kufuata njia iliyotupa bayolojia. Maana yake ni mvuto alio nao binadamu kwa vitu vyenye uhai. Erich Fromm alilitumia neno hilo katika maandishi yake ya mwaka 1964, na Edward O. Wilson, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, akalifanya jina la kitabu mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984 Roger Ulrich alitangaza uchunguzi wake juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema zaidi, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Haishangazi basi kwamba wenye hoteli, ambao biashara yao ni kumpumzisha mtu, walitega sikio.

Lakini wasanifu wengine hawakungoja nadharia. Huko Sri Lanka, karibu na Dambulla, Geoffrey Bawa alijenga katika miaka ya mwanzo ya 1990 hoteli ya Kandalama iliyojibandika ubavuni mwa mlima. Mwamba wenyewe umeachwa uingie hadi ndani ya jengo, na mimea imeachwa iufunike uso wa nje. Katika Singapore hoteli iliyofunguliwa mwaka 2013 katika barabara ya Pickering ina bustani zipatazo mita za mraba 15,000, zikining'inia ghorofa juu ya ghorofa. Hapa kwetu, katika Serengeti, hoteli ya Lobo imejengwa katikati ya miamba, na anayeingia humo hutambua mara moja kwamba mjenzi aliunyenyekea mwamba.

Msomaji atatambua kwamba mifano hiyo haifanani, na hapo ndipo kazi ya istilahi inapoanza. Kuna kuingiza kitu chenyewe kikiwa hai au katika hali yake, kama mmea, maji, upepo, nuru ya jua na mwamba. Kuna kutumia mata iliyotoka katika maumbile ikisha kufanyiwa kazi na fundi, kama ubao, chokaa au ukindu. Tena kuna kuiga umbo tu, kama nakshi za mayungiyungi, samaki na mawimbi katika milango ya Unguja, ambamo hamna yungiyungi wala maji. Neno asili likibebeshwa mambo yote matatu, halielezi hata moja.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya shina au chanzo. Kutoka hapo limezaa ngoma za asili na dawa za asili, yaani za jadi. Na kwa upande mwingine limezaa maliasili na uoto wa asili, yaani visivyotengenezwa na mtu. Maana zote mbili ni halali, na hatuna nia ya kumnyang'anya mtu yeyote neno lake. Ila mtu akiandika "mapambo ya asili" katika hoteli, wasomaji wengi wataona akilini mwao ngao, mikuki na vibuyu ukutani. Mazingira nalo halifai, kwa sababu limekwisha kushikwa na habari za uhifadhi. Limebaki maumbile. Walimu watatuambia kwamba wanafunzi hulicheka, kwa kuwa mitaani hutumika kwa kuustahi mwili. Tunalijua hilo, lakini neno zuri halitupwi kwa kicheko cha darasani. Twapendekeza basi usanifu wa ndani wa kimaumbile kwa mtindo kwa jumla, na bayofilia libaki kwa nadharia peke yake. Upambaji utumike pale tu ambapo kazi ni kuweka na kutundika vitu. Anayepanga dirisha litazame wapi na upepo upite wapi anasanifu.

Hata "ndani" lenyewe lina kisa. Katika nyumba ya mawe ya Lamu mgeni hupita daka, akafika kiwanda, kisha msana wa tini na msana wa yuu, na baada ya hapo ndipo kiliko chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka. Mzee wa huko akisikia usanifu wa ndani anaweza kuuliza vyumba vingine vimekosa nini. Na kiwanda chake ni ua ulio wazi kwa jua na mvua, mahali ambapo nyumba huvuta pumzi. Leo tunaita vitu vya kiwandani vile hasa vilivyo kinyume cha maumbile.

Tunalitaja hilo kwa sababu mengi yanayotafutwa kwa majina mapya yalikwisha kupewa majina na mafundi. Mfasiri anayeandika "miti ya mikoko" atajua kwamba wakataji na wajenzi huitenga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja na kazi yake. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Vivyo hivyo makuti ya viungo ni ya kuezekea na makuti ya kumba ni ya kuzungushia ua. Ukindu hutoa mikeka laini, miyaa hutoa majamvi na makapu, na vyote huanza kwa kusuka ukili. Hati ikisema "zulia la nyuzi za maumbile" tu, mnunuzi wa serikali hana njia ya kujua kama aliyeletewa ameletewa alichoagiza.

Kwa ajili hiyo, katika mikataba na zabuni jina la jumla halitoshi hata likiwa sahihi. Liandikwe jina la mti, na ielezwe kama umetoka msitu wa kupandwa, mathalan mtiki wa Longuza au msonobari wa Sao Hill. Kwa boriti jambo hili ni zito zaidi, maana mikoko hulinda pwani na mazalio ya samaki. Kenya ilikwisha kupiga marufuku kuuza miti hiyo nchi za nje tangu mwaka 1982. Fundi akiweza kutumia mti mwingine wenye sura ya boriti, basi hati iseme "mfano wa boriti", na hapo tumo katika lile fungu la tatu, la kuiga umbo.

Limesalia neno moja ambalo hatujaafikiana. Ukuta uliopandwa mimea kuanzia chini hadi juu wengine wameuita ukuta hai. Sisi twaona jina hilo linautisha usingizi wa mgeni. Baadhi yetu wanapendelea kiambaza cha mimea, kwa kuwa kiambaza tangu zamani ni fito zilizofungwa zikashika udongo, na ukuta huu nao ni fremu inayoshika udongo na mizizi. Wengine wanasema kiambaza ni cha nyumba ya udongo tu, na mwenye hoteli hatakubali. Wasomaji walio karibu na mafundi wa kazi hiyo watuandikie wanauitaje.