Mega za Nyumba Moja: Wifi ya Bei Nafuu Bukavu

Saa moja jioni, katika nyumba ya mbao kwenye mteremko wa Kadutu, baba ananunua kifurushi cha siku moja apate kusikiliza habari. Kijana wake, mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha ISP, ananunua cha kwake ili apakue notisi za profesa. Dada mtu ana cha WhatsApp peke yake, na mama amekopa unite amwone mjukuu aliye Kampala. Simu nne, vifurushi vinne, paa moja. Usiku wa manane vifurushi vinafika mwisho. Mega zilizobaki katika simu tatu zinapotea bila kuguswa, na simu ya nne ilikuwa imekauka tangu saa mbili.

Hali hiyo inajulikana katika kila mtaa wa Bukavu, kutoka Panzi hadi Bagira, na ndiyo inayofanya intaneti ionekane ghali kuliko ilivyo. Kifurushi kidogo ndicho chenye giga ya bei kubwa. Asiyeamini achukue orodha ya kampuni yoyote, Vodacom, Airtel au Orange, agawe bei ya kifurushi kwa giga zake, kisha alinganishe cha siku moja na cha siku 30. Watu wa Bukavu wanaijua hesabu ya namna hii kupitia likelemba: wachache wanachanga, fungu linakuwa kubwa, na fungu kubwa linanunua kile ambacho vijisenti vya mtu mmoja haviwezi. Wifi ya nyumbani ni likelemba ya mega. Nyumba nzima inachangia kifurushi kimoja cha mwezi, laini inawekwa ndani ya modemu moja, kila mtu anakunywa kutoka hapo.

Kabla ya kununua chochote, kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Wifi na intaneti ni vitu viwili. Intaneti ni kama maji ya Regideso yanayotoka mbali. Wifi ni mabomba ya ndani ya nyumba. Mtu anaweza kuwa na mabomba mazuri kabisa na maji yasije. Simu inapoonyesha alama zote za wifi na ukurasa haufunguki, wifi yenyewe iko sawa na mara nyingi kosa liko nje, kwenye mnara au kwenye salio.

Kwa anayeanza, maji hayo yanafika kwa njia tatu. Ya kwanza ni laini ya simu. Ya pili ni kampuni ya intaneti inayofunga antena ndogo juu ya bati, ikielekezwa kwenye kituo chake mlimani. Njia hiyo ni imara, ila gharama ya kuifunga na ada ya mwezi huifanya ifae zaidi ofisi, shule au ploti yenye familia kadhaa. Ya tatu ni setilaiti. Starlink iliruhusiwa Rwanda mwaka 2023, lakini nchini Kongo mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliikataza kwa kukosa leseni mwaka 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Kwa nyumba ya kawaida ya Kadutu au Cimpunda, laini ya simu bado ndiyo mlango wa bei ya chini.

Hapo milima ya Bukavu inaingia katika hesabu. Mawimbi ya simu hupenda kuona mnara bila kizuizi. Nyumba iliyo juu ya mteremko wa Nguba inaweza kupata 4G safi, na nyumba iliyo hatua 100 chini yake, nyuma ya mgongo wa kilima, ikaambulia kidogo sana. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata wa nia njema, hautoshi. Kinachofaa ni kuazima laini za kampuni tatu na kuzijaribu moja baada ya nyingine kwenye simu ileile, dirisha lilelile, mara mbili: asubuhi, na saa mbili usiku wakati mji mzima uko hewani. Kampuni iliyoshinda usiku ndiyo ya kuchukua. Kupita katika madirisha yote ya nyumba kwa jaribio hilo kunaweza kuleta faida kubwa kuliko modemu ya bei mbaya.

Wanaoishi upande wa mto Ruzizi na ufuko unaotazama Kamembe wana la ziada. Minara ya Rwanda inawafikia. Wengi hutumia laini za Rwanda kwa makusudi, na mtandao ulipozimwa nchini kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, hadi karibu tarehe 20 Januari 2019, ukaribu huo uliwasaidia watu wa mpakani. Lakini modemu yenye laini ya Kongo iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kuhamia mnara wa jirani usiku, na salio likaliwa kwa bei ya mgeni. Katika mipangilio yake, mtandao uchaguliwe kwa mkono, na matumizi ya nje ya nchi yazimwe.

Vifaa ni vya aina mbili. Kuna kile kidogo cha mfukoni, kinachoitwa mifi, chenye betri yake na kinachochajiwa kwa chaja ya simu. Vingi hupokea simu kama 10 hivi. Na kuna ruta ya mezani inayotumia laini, yenye antena kubwa zaidi na matundu ya waya. Anayenunua, kipya au cha mkono wa pili, aulize mambo mawili: kinapokea 4G, na hakijafungwa kwa kampuni moja? Aweke laini yake palepale dukani na kufungua ukurasa mmoja kabla ya kutoa pesa. Asiyekuwa na pesa ya kifaa aanze na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka lakini inayoshika 4G. Ikilazwa dirishani na kuwashwa igawe mtandao, tayari ni modemu.

Kisha kuna umeme.

Bukavu iko mlangoni pa mabwawa ya Ruzizi, ambako Ruzizi I inazalisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II tangu 1989, na bado delestaji, mgao wa umeme wa kampuni ya SNEL, inaacha mitaa gizani kwa saa nyingi. Modemu isiyo na akiba ya umeme ni ya nusu siku. Habari njema ni kwamba ruta ndogo haina njaa: nyingi hutumia volti 12 na kula wati kati ya 5 na 10. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ya ukubwa wa ile ya pikipiki, ina wati-saa 84. Betri ya namna hiyo haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, maana hufa mapema, kwa hiyo zihesabiwe 42. Ruta inayokula wati 7 itakaa saa 6. Hiyo ni jioni nzima, tangu chakula hadi mtoto wa mwisho kufunga daftari. Dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100. Kwa betri hiyohiyo lingedumu takriban nusu saa. Hesabu hii ndogo inastahili kufanywa kabla ya kwenda dukani.

Betri iliyojaa hupita volti 12, hivyo ni busara kuweka katikati kifaa kidogo cha kusawazisha volti, na fyuzi kwenye waya. Fundi wa redio wa Nyawera au wa soko la Kadutu anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Mwenye paneli ya sola ya kuwashia taa tayari ana nusu ya kinachohitajika.

Kuwasha kwenyewe kunatisha kuliko kulivyo. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye jina la wifi, neno la siri, na namba ya anwani, kwa mfano 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Simu inaunganishwa kwa neno hilo, kisha namba inaandikwa pale panapoandikwa anwani za mtandao, na ukurasa wa ruta unafunguka. Mambo matatu yafanywe siku hiyohiyo: kubadili neno la siri la kuingilia ruta, kubadili lile la wifi liwe refu, na kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Katika nyumba za mbao zilizobanana, ambako kikohozi cha jirani husikika, wifi inapita ukuta kama sauti inavyopita. Neno la siri lisiwe jina la mtoto.

Nyumba ya matofali au ya udongo mnene ina taabu tofauti, kwa sababu ukuta unameza mawimbi, na bati linayarudisha. Ruta ikae juu, karibu na katikati ya nyumba, mbali na bati na pipa la maji. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 ni ya kasi lakini huchoka haraka.

Baada ya hapo wengi hushangaa. Kifurushi cha mwezi kinaisha siku ya sita, na lawama zinaanza: nani ametazama filamu? Mara nyingi hakuna mtu. Ni simu zenyewe. Simu imetengenezwa kwa dunia ambamo wifi haina kipimo. Ikiona mega za laini inabana matumizi; ikiona wifi inadhani ni bure na kujiachia. Usiku, watu wakiwa wamelala, inasasisha programu zote, inapeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali na kupakua video za vikundi 15 vya WhatsApp. Simu nne zikifanya hivyo kwa pamoja, giga nyingi zimekwenda kabla ya jogoo.

Dawa ipo na haigharimu faranga. Kwenye simu za Android, ukifungua maelezo ya wifi ya nyumbani kuna sehemu ya kuiambia simu kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ni mguso mmoja kwa kila simu, tena ndio wenye thamani kuliko mingine yote katika kazi hii. Kwenye iPhone kuna hali ya kupunguza data. Kisha ndani ya WhatsApp upakuaji wa picha na video wa kujiendesha uzimwe, hata kwenye wifi, na duka la programu lisasishe kwa ruhusa tu. Na filamu? Netflix yenyewe huwaambia wateja wake kwamba saa moja ya picha ya wastani hula karibu giga 0.7, na picha kali inaweza kufika giga 3. Kwa hiyo giga 10 ni saa 14 kwa mmoja na saa 3 kwa mwingine. Familia ikikubaliana juu ya picha ya wastani, ugomvi mwingi unaisha.

Watu wa hapa wana sababu ya kukagua salio kwa macho makali. Wanaikumbuka RAM, makato yaliyoanza Septemba 2020 na kuchota hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, mpaka yakafutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, simu imekuwa pochi, na mawasiliano na ndugu walio ng'ambo yamekuwa na uzito mwingine. Mega inayopotea usiku kwa sababu ya programu isiyohitajika ni hasara inayouma.

Na radi. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Nafasi ya pili na ya tatu zilikwenda mashariki ya Kongo. Anayefunga antena juu ya bati Bukavu lazima alijue hilo. Mawingu ya mvua yakikusanyika, kabla ngurumo haijaanza, chaja ya ruta itolewe ukutani na waya wa antena uchomolewe. Kuzima kwa swichi hakutoshi, maana radi hufuata waya.

Likelemba ikishaenda vizuri, wazo la kuwaingiza majirani huja lenyewe. Mfano mkubwa uko karibu, ndani ya Ziwa Kivu. Kisiwani Idjwi, katikati ya miaka ya 2010, shirika la Ensemble Pour la Différence na wakazi walianzisha mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, ili intaneti ifike mahali ambapo huduma ilikuwa hafifu. Lakini kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayohitaji kibali, chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na mikataba ya kampuni za simu ina masharti yake. Mwenye nia ya kuwatoza wapita njia aanzie huko. Kwa nyumba mbili za Nyamugo zinazogawana ukuta wa mbao mambo ni mepesi. Mmoja anatoa ruta, mwingine betri, majirani wanaingia kupitia wifi ya wageni yenye neno lake la siri, na michango inaandikwa kwenye daftari moja pamoja na tarehe ambayo kifurushi kinakwisha.