MAONI: Kabla hujanunua kabureta, tazama plagi

Pita asubuhi kwenye steji yoyote ya bodaboda kati ya Likoni na Malindi, hukosi kumwona kijana anayepiga kiki mpaka jasho linamtoka. Injini inazunguka, sauti unaisikia, lakini haishiki. Wenzake kila mmoja ana lake: huyu asema ni kabureta, yule asema ni koili, mwingine amwambia asukume. Kufikia saa nne pikipiki iko kwa fundi, na jioni kijana anadaiwa spea ambayo huenda haikuhitajika.

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimekuwa sahani ya ugali kwa nyumba nyingi hapa Pwani. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu na lazima wapeleke hesabu kila jioni. Siku moja ya kulala gereji ni deni. Ndiyo maana nasema kila mwendeshaji ajue kupima mwenyewe. Nimefungua pikipiki kuukuu za kabureta kwa miaka mingi, na mara nyingi ugonjwa huwa ni mdogo kuliko bei iliyotajwa.

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Ikiwa inazunguka lakini haiwaki, kimojawapo kimekosekana. Kazi yako ni kujua ni kipi, tena kwa mpangilio, kuanzia kisichogharimu kitu.

Kwanza tazama vya bure. Je, ile swichi nyekundu ya kuzima injini imeguswa na mtoto au abiria? Koki ya mafuta iko wazi? Petroli imeshuka mpaka kwenye akiba? Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na petroli haiwezi kushuka vizuri. Kisha chungulia bomba la moshi na kichujio cha hewa. Pikipiki iliyokaa wiki kadhaa uani yaweza kujengewa nyumba ya udongo na nyigu humo ndani.

Pili, fungua plagi. Hii ndiyo itakayokwambia ukweli. Baada ya kupiga kiki mara kadhaa, itoe uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi: ama cheche hakuna, ama injini imejazwa mafuta kupita kiasi. Ikiwa imejaa masizi meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Angalia choki isiwe imekwama, na kichujio kisiwe kimejaa vumbi.

Plagi ikiwa kavu, nenda kwenye kabureta, lakini usiinunue bado. Chini ya bakuli lake pana skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kioo chini yake, fungua koki, kisha legeza skrubu hiyo. Petroli ikishuka bila kukatika, njia ya mafuta ni nzima. Ikidondoka tone tone, tafuta uchafu kwenye koki na kichujio. Sasa iache chupa itulie uitazame. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kama mapovu ya shanga. Wakati wa masika hili ni la kawaida, hasa kwa anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara. Tena kuna petroli iliyochanganywa na mafuta taa, uovu ambao mwaka 2018 ulifanya mafuta taa yawekewe tozo ya Sh18 kwa lita. Na petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando unaoziba jeti. Hapo dawa ni kuifungua kabureta, kuisafisha na kupuliza vitundu vyake kwa hewa. Usivichokoe kwa waya mgumu, utavipanua.

Plagi ikiwa imelowa, pima cheche. Funga koki, futa petroli yote iliyomwagika, na usogee mbali na chupa yako ya mafuta. Rudisha plagi kwenye kofia yake, kisha gusisha chuma chake kwenye kichwa cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Shika kwa koleo lenye mpini wa mpira, kaa kivulini, mwenzako apige kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya manjano iliyofifia, au kutokuwepo kabisa, ni tatizo. Jaribu plagi mpya kwanza, kwa sababu inauzwa kwa mamia ya shilingi, ilhali koili na kabureta ni maelfu.

Plagi mpya ikikataa, fuata waya. Hapa kwetu chumvi ya bahari ndiyo adui. Fungua viungio vya waya, na ukiona unga wa kijani au mweupe, umeukuta ugonjwa. Kwangua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, hasa pale waya unapofungwa kwenye bodi. Kofia ya plagi iliyopasuka nayo huvujisha umeme kukiwa na unyevu. Baada ya hayo yote ndipo uzungumze habari ya koili.

Tatu ni mgandamizo. Swichi ikiwa imezimwa na koki imefungwa, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu. Kikikaa tu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda ujaribu tena. Nguvu ikiongezeka, ringi zimekwisha. Isipobadilika, shuku valvu. Kwenye injini kuukuu, nafasi ya valvu hupungua kidogo kidogo mpaka zisifunge sawasawa, na dalili yake ni pikipiki inayowaka ikiwa baridi na kukataa ikishapata moto. Mara nyingine kurekebisha nafasi hiyo kunatosha, bila kubadilisha chochote.

Na ile ya kusukuma? Husaidia ikiwa stata au betri imechoka. Ikiwa kiki inaizungusha injini vizuri, utachoka bure.

Sisemi usiende kwa fundi. Kazi ya ringi na valvu ni yake, na fundi mwaminifu anastahili malipo yake. Lakini nenda ukiwa na jibu mkononi: "Cheche ipo, petroli inafika, mgandamizo ni mdogo." Mwombe akuonyeshe kasoro kabla hajafungua spea mpya, na akurudishie ile ya zamani. Anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa.