Usilime, Mzee: Gofu Katika Ardhi Laini ya Kericho

Anayecheza gofu Kericho hutazama upande wa Ziwa Victoria kabla ya kutazama saa. Asubuhi anga huwa safi na majani chai hung'aa hadi ukingoni mwa msitu. Ikigonga saa nane mchana, upepo wenye unyevu kutoka ziwani unapanda na kukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda za Mau. Mawingu yanarundikana na mvua inashuka. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu maradufu ya Nairobi.

Tena mara nyingi ni mvua ya mawe. Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mawe hayo mara nyingi zaidi. Mwanasayansi Russell Schnell, aliyechunguza jambo hilo, alitoa hoja kwamba vumbi la majani chai yaliyooza chini ya michai, linalotimuliwa na miguu ya wachumaji, hubeba chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu huko mawinguni. Kwa hivyo huenda chai yenyewe inachangia mvua inayoikatakata.

Ninasema haya kwa sababu mchezaji wa hapa hufundishwa gofu kana kwamba anaishi jangwani. Vitabu na video huanza na nyasi kavu, kisha mpigo wa ardhi yenye maji hutajwa mwishoni kama ajali. Kwetu huo ndio mpigo wa kila siku, na ningependa kijana anayeanza aufundishwe kwanza.

Udongo nao una siri yake. Ukiteremka Soin, kule chini kwenye joto kuelekea uwanda wa Kano, utakutana na udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunasa kiatu mguu ukabaki na soksi. Huko maji hutuama, na kila mtu anayaona. Juu Kericho udongo ni mwekundu, wa volkano, wenye kina kirefu, na huyanywa maji upesi. Nusu saa baada ya mvua, nyasi zinaonekana tayari kwa mchezo, kumbe chini yake pamelainika kama ugali ambao haujaiva.

Hapo ndipo sheria humwacha mchezaji peke yake. Sheria za gofu zinakuruhusu kuuondoa mpira bila adhabu ukiwa katika maji ya muda, lakini maji hayo lazima yaonekane juu ya ardhi kabla au baada ya wewe kusimama kuupiga. Ardhi kuwa laini au yenye tope hakutoshi, wala maji yanayochuruzika mara moja unapokanyaga kisha yakatoweka. Mpira ukizama katika shimo ulilochimba wenyewe ulipotua, nje ya banka (shimo la mchanga) na nje ya eneo la adhabu, una haki ya kuuinua, kuusafisha na kuuangusha karibu na hapo, na tangu 2019 unauangusha kutoka usawa wa goti. Kamati ya klabu pia inaweza kutangaza kwamba siku hiyo mipira inainuliwa na kupanguswa. Mbali na hayo, utaupiga ulipo.

Kosa linalotumaliza lina jina moja tu viwanjani: kulima. Fimbo inagusa ardhi kabla ya mpira. Palipo pakavu huruka kidogo na kukusamehe, lakini palipo laini huzama, bonge la tope linaruka mbali kuliko mpira, na viganja vinauma. Kedi mmoja, kijana mpole aliyenibebea mfuko mvua ilipokatika, alipiga magoti nyuma ya mpira wangu, akabonyeza nyasi kwa kidole gumba na kunionyesha maji yakijaa katika alama ya kidole. "Mzee, usilime," aliniambia. "Mpira kwanza, nyasi baadaye."

Alinipa aini namba 7 mahali nilipotaka namba 8. Akasema nishike chini kidogo ya kawaida. Mpira urudi nyuma kwa upana wa mpira mmoja, uzito uegemee mguu wa mbele tangu mwanzo, na miguu itulie, kwa maana mguu ukiteleza hata kidogo umeshalima. Fimbo ipande robo tatu tu. Unapunguza nguvu, ndiyo sababu unachukua fimbo ndefu zaidi. Usitegemee mpira kubingirika: hewa nyepesi ya mwinuko wa karibu mita 2,000 huupeleka mbali, lakini ukitua hapa umetua.

Karibu na grini mambo hubadilika. Weji, fimbo ya mipigo mifupi, yenye ukingo mwembamba, inayofaa palipo pakavu na pagumu, hapa hukata kama kisu. Chukua yenye wayo mpana na mnene, inayoteleza juu ya udongo badala ya kuzama. Pangusa uso wa fimbo kila mara, kwa maana maji kati ya chuma na mpira huuzuia kujizungusha, na mpira usiojizungusha hausimami pale ulipotaka. Tope likiganda upande wa kushoto wa mpira, mara nyingi utapinda kulia.

Radi ikinguruma, acha yote. Sheria yenyewe inakuruhusu kusimamisha mchezo ukiamini kwa sababu ya msingi kwamba kuna hatari ya radi, na hakuna alama ya gofu inayostahili mtu kusimama uwandani ameshika chuma. Ondoka, na usijifiche chini ya mkaratusi.

Mazoezi ya kuacha kulima hayahitaji mwalimu. Nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, tandika taulo kuukuu shubiri moja nyuma ya mpira, na upige mipira ishirini bila kuigusa taulo. Nilipojaribu mara ya kwanza, taulo yangu ilikuwa nyekundu kabla ya mpira wa sita. Siku hizi huirudisha nyumbani ikiwa na madoa mawili au matatu, na nalijua kila pigo lililoyaweka.